Nati Tatu

Wewe uliyechukua nati tatu za pembea
usiku wa kuamkia Jumatano,
sikuiti mwizi. Jina hilo lina mlango mmoja,
mtu akishaingia hatoki.
Naandika tu ulivyoviacha.

Uliacha bolti zimekaa uchi.
Uliacha alama ya spana, namba kumi na saba;
kwa hiyo hukupita njia tu, ulikuja na kipimo.
Na minyororo uliizungusha juu ya boriti mara nne
ukaifunga kwa ukili,
mtoto asiifikie, asikae, asianguke.

Hapo ndipo nilipokaa mimi, juu ya tairi,
nikacheka peke yangu alfajiri
kama mtu aliyesoma barua isiyokuwa yake.

Kazi hii huijui. Au unaijua.
Uwanja haulali.
Masika inaumega upande wa goli la kibla,
mbuzi wa Bi Chumu wanamaliza kamba za wavu,
chumvi inapanda kutoka mikokoni bila kupiga hodi
na kila kilicho chuma kinageuka biskuti.
Grisi ikiadimika napaka sifa,
mafuta ya papa, si hizo nyengine;
hizo nyengine kwa mshika spana hazifiki.
Watoto wanarudi makwao wananuka,
mama zao wanajua walikokuwa
kabla hawajauliza.

Kijiji chetu kinaitwa Mchangamdogo
na mchanga wenyewe, wa kumwaga chini ya mtelezo,
tunauagiza.
Ndipo Alkhamisi likaja gari la ng'ombe,
limejaa hadi midomoni, linalia kila likipanda tuta.
Nilisaidia kushusha: koleo, beseni, mikono.
Ubao wa nyuma ulipofunguliwa
nikaziona.
Tatu. Za kijani.
Ile rangi iliyobaki mlango wa skuli ulipopakwa,
niliyozipaka mwenyewe Rajabu iliyopita
kwa brashi ya kunyolea ndevu.

Wewe uliwaangalia ng'ombe.
Mimi nikauangalia mchanga.
Mchanga mzuri, mweupe, hauna hata kigae.
Bikombo wako wa darasa la pili,
yule anayepembea mpaka alione bati la skuli kwa juu,
akasimama baina yetu, kidole mdomoni.
"Babu Shaame, pembea inaumwa nini?"

Meno, nikamwambia.
Imeng'oka meno matatu.

Akacheka, akatuonesha pengo lake.
Wewe hukucheka. Ulipokea koleo mkononi mwangu
ukashusha peke yako, mpaka ubao ukabaki mtupu,
na ujira ulipotolewa ukasema, kesho.
Kesho hukuja.

Kwa sheha nimesema zimeliwa.
Akadhani nasema kutu,
nami sikumrekebisha.

Jana nimekwenda Konde, maduka ya vyuma,
nikanunua sita kwa fedha ya kahawa yangu ya mwezi.
Tatu nimezifunga kwenye kitambaa,
ziko juu ya nguzo, upande usiolowa mvua:
hizo ni akiba ya gari, siku ubao ukitikisika njiani,
maana mchanga usipofika
anayeanguka ataangukia mawe,
na mawe hayaulizi huyu ni mtoto wa nani.
Zile za kijani zikae zilipo.
Sitaki kuzioana tena na boriti; zimeshazoea safari.

Tatu nyengine ninazo mfukoni.
Nimezijaribu jana magharibi, mkono mmoja taa, mkono mmoja spana,
na mkono wa tatu sikujaaliwa.

Ramadhani imebaki siku tisa.
Asubuhi ya Idi watashuka hapa na nguo zenye mikunjo ya dukani,
na foleni ya pembea itafika kisimani.
Kwa hiyo Jumatano, baada ya laasiri, njoo.
Usilete maneno, lete spana yako;
yangu imeliwa mdomo.
Bolti ya nne nayo nimeishika, inacheza,
na hapa, kama unavyojua,
wa kucheza ni watoto tu.